Mzee Si Maktaba: Kumbukumbu za Maisha na Mkasa wa Engare Nanyuki

Utangulizi

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Methali hii hutajwa kila mara mzee anapoombwa asimulie maisha yake, na hutajwa kana kwamba kuona peke yake kwatosha. Lakini kila mwalimu aliyepata kuwatuma wanafunzi wake wakawahoji babu na bibi zao anajua kwamba mambo hayako hivyo. Mwanafunzi hurudi na kurasa mbili. Ndani yake mna mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa, jina la chifu, neno "wakoloni", neno "shida", na mwishoni mawaidha kwa vijana wa leo wasiowasikiliza wakubwa wao. Mzee ameishi miaka 85, lakini kurasa zake zingeweza kuwa za mtu yeyote, wa Meru au wa Mtwara. Ameona mengi, yaliyofika kwenye karatasi ni machache.

Amadou Hampâté Bâ, mwanazuoni wa Mali, alipozungumza katika UNESCO mwaka 1960, alifananisha kifo cha mzee wa Kiafrika na kuteketea kwa maktaba. Mfano huo umezunguka bara zima na kuingia katika hotuba na vitabu vya shule, nao umefanya kazi njema, kwani umewafundisha wasomi kuwaheshimu wazee wasiojua kusoma. Hata hivyo mfano ukirudiwa mno hupotosha. Maktaba haisahau, haioni haya, haichagui msomaji wala haimwogopi jirani. Mzee hufanya yote hayo. Tena vitabu vya maktaba vimekwisha kuandikwa, ilhali maneno ya mzee huundwa pale pale anaposimulia, kwa kadiri ya swali aliloulizwa na mtu aliyeketi mbele yake. Kwa hiyo mzee si maktaba. Afadhali tumfananishe na shamba la migomba la huko Meru, ambalo lina rutuba ya majivu ya volkano, lakini halitoi mkungu mzuri bila ya mtu wa kupunguza machipukizi, kupalilia na kusubiri.

Swali la makala hii basi ni hili: ni kitu gani kinachoyafanya masimulizi ya maisha marefu yawe fasihi, na yawe ushahidi unaolifaa taifa? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime kadiri tunavyoendelea. Thamani ya kumbukumbu za maisha haitokani na urefu wa maisha hayo wala na ukubwa wa matukio yaliyotokea. Hutokana na shahidi kubaki mahali pake, yaani kueleza alichokiona yeye, kutoka pale aliposimama yeye, pamoja na sehemu yake mwenyewe katika jambo hilo, iwe ya sifa au ya aibu. Kulithibitisha jibu hili nitatazama kwanza watangulizi wawili wa tawasifu ya Kiswahili, kisha nitafika kwenye mkasa mmoja uliotokea chini ya Mlima Meru mwaka 1951, ambao tayari umeandikiwa vitabu vitatu vya namna tatu mbalimbali.

Watangulizi Wawili

Tawasifu ya Kiswahili si jambo la jana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha masimulizi hayo mjini Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, na katika miaka ya 1950 mtaalamu W. H. Whiteley aliyatoa upya kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Msomaji wa leo hushangazwa na kumbukumbu ya mtu huyu. Anakumbuka safari, mizigo ya pembe, madeni, majina ya machifu na ya wafanyabiashara, nani alidai na nani alilipa. Kiswahili chake ni cha mazungumzo, chepesi na chenye mwendo, kama cha mtu anayepiga hesabu barazani.

Lakini ni hesabu ya nini? Watu waliouzwa, waliofungwa na waliokufa njiani wanapita katika masimulizi hayo kama vumbi linavyopita miguuni mwa msafara. Msimuliaji haoni haja ya kusimama. Hapa tunapata funzo la kwanza: kumbukumbu yaweza kuwa sahihi kabisa katika mambo madogo na bado ikawa pofu katika jambo kubwa. Hakika ya tarehe na idadi haimwondolei msimuliaji wajibu wa kujiuliza yeye alikuwa nani katika maisha ya wengine. Kwa upande mwingine, tusikitupe kitabu hicho kwa sababu ya upofu wake. Upofu wenyewe ni ushahidi. Hakuna mwanahistoria awezaye kutuonyesha jinsi mfanyabiashara wa pembe na watumwa alivyoutazama ulimwengu vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyojionyesha bila kukusudia.

Mtangulizi wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu chake cha Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, na baadaye kikafuatiwa na Baada ya Miaka Hamsini. Huyu ni kinyume cha Tippu Tip karibu katika kila jambo. Hakuongoza majeshi wala misafara. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Mambo anayoyasimulia ni ya nyumbani na ya ofisini: ndoa, msiba wa kufiwa na mke, malezi ya watoto, heshima ya mtumishi mweusi chini ya wakubwa weupe. Kwa kuyapa mambo hayo uzito, Shaaban Robert aliwafundisha wasomaji wa Kiswahili kwamba maisha ya mtu asiye na cheo yanastahili kitabu. Hilo ni tendo kubwa, na kila anayeandika kumbukumbu zake leo katika lugha hii ana deni kwake.

Hata hivyo mhakiki hana budi kusema kwamba kutoka kwake tumerithi pia udhaifu mmoja. Shaaban Robert ni mwalimu wa maadili, na mwalimu huyo hana subira. Mara nyingi tukio halijapoa limekwisha kugeuzwa funzo. Yeye mwenyewe huokolewa na ufasaha wake na unyofu wa huzuni yake. Waliomfuata bila ufasaha huo wamebaki na mawaidha peke yake. Zile kurasa mbili za mwanafunzi tulizozitaja mwanzoni ni wajukuu wa mbali wa Maisha Yangu: wamechukua funzo, wameacha maisha.

Kutoka kwa watangulizi hawa wawili tunaweza kutoa kipimo chetu. Tippu Tip ana mambo yenyewe bila dhamiri, na wafuasi wa Shaaban Robert wana dhamiri bila mambo yenyewe. Tawasifu iliyokamilika huvifunga viwili hivi pamoja. Sasa twende Meru na kipimo hicho mkononi.

Mkasa na Vitabu Vyake

Anayepanda kutoka Usa River akauzunguka Mlima Meru kwa upande wa mashariki hufika Engare Nanyuki, mahali penye jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Wameru walikuwa na makazi na malisho huko. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson, iliyoundwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuchunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, ilipendekeza mpango ambao ungeiweka ardhi ya walowezi wa Kizungu kati ya Meru na Kilimanjaro pamoja bila kukatizwa. Ili mpango huo utimie, ilibidi Wameru waondoke Engare Nanyuki. Walikataa, na fidia pia wakaikataa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu. Watu wapatao 3,000 walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa moto, nao wakaelekezwa King'ori, chini zaidi, penye joto na ukavu.

Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kirilo Japhet, mmoja wa viongozi wa Wameru, pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi na ambaye baadaye alikuwa jaji, waliyapeleka malalamiko New York mwaka 1952. Azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati huo. Lakini Mwafrika wa Tanganyika alikuwa amesimama mbele ya mataifa na kusema, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kwenda huko mwaka 1955. Habari za kesi hiyo zilienea nchini, zikawa sehemu ya mwamko uliozaa TANU mwaka 1954.

Mkasa huu una vitabu vitatu vinavyofaa kulinganishwa. Cha kwanza ni The Meru Land Case cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, kilichotolewa Nairobi mwaka 1967. Cha pili ni The Freemen of Meru cha Anton Nelson, Mmarekani aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa Wameru, nacho kilitoka mwaka huo huo wa 1967. Cha tatu ni riwaya ya Ismael R. Mbise, mwandishi aliye Mmeru, iitwayo Blood on Our Land, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1974.

Kitabu cha kwanza kilizaliwa na kesi, na jina lake lenyewe lasema hivyo. Ubora wake ni ule wa shahidi aliyekuwepo. Kirilo Japhet hahitaji kukisia. Alikuwa mmoja wa wale ambao ardhi yao ilikuwa ikijadiliwa, na ndiye aliyevuka bahari. Lakini kesi ina sheria zake za usimulizi. Anayedai haki mbele ya baraza huchagua yale yanayoithibitisha haki yake, na huyapanga kwa utaratibu wa hoja. Husema "sisi", kwa kuwa ametumwa na watu wengi. "Sisi" hiyo ilikuwa silaha ya lazima mwaka 1952, kwani mtu mmoja mmoja asingesikilizwa. Hata hivyo fasihi ya kumbukumbu huanza pale "sisi" inapofunguliwa ili tuone "mimi" wengi waliofungwa ndani yake: aliyetaka kupigana, aliyeogopa, aliyechoka, na aliyekuwa mtoto asiyeelewa lolote.

Kitabu cha pili kina faida ya macho ya mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na kweli mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena. Lakini mgeni, hata akiwa rafiki wa kweli, husimuliwa kwa adabu. Yako mambo ambayo mwenyeji humwambia mgeni sebuleni, na yako yanayobaki jikoni.

Kitabu cha tatu kina uhuru ambao viwili vya kwanza havina. Mwandishi wa riwaya aweza kuingia ndani ya moyo wa mtu, akamfanya aliyenyamaza aseme. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni heri kwamba mwana wa Meru aliifanya mapema, katika shirika la uchapishaji la umma. Lakini riwaya nayo ina mpaka wake. Msomaji aweza kulia kwa ajili ya mhusika wa riwaya na bado akafunga kitabu akisema, "Haya yametungwa." Riwaya haiwezi kuapa. Tawasifu yaweza, na ndiyo maana uongo ndani ya tawasifu ni kosa la namna nyingine kabisa kuliko ubunifu ndani ya riwaya.

Jambo moja linaviunganisha vitabu vyote vitatu: viliandikwa kwa Kiingereza. Sisemi hivi kwa kuwalaumu waandishi. Wa kwanza walikuwa wakisema na ulimwengu, na ulimwengu huo haukujua Kiswahili. Lakini msomaji na ayatafakari matokeo yake. Mwaka 1967 ndio mwaka ambao Azimio la Arusha lilitangazwa, mwezi wa Februari, katika mji ulio chini ya mlima huo huo, nalo likasomwa kwa Kiswahili na wakulima na wafanyakazi wa nchi nzima. Mwaka huo huo kisa cha wakulima wa mlima wenyewe kilitoka katika lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Mwanafunzi wa Usa River anayetaka kuyajua yaliyompata babu yake analazimika kuyatafuta katika lugha ya mtihani.

Nafasi Iliyobaki Wazi

Yawezekana mtu akauliza: kama mkasa una kitabu cha mdai, cha mgeni na cha mtunzi, je, kumbukumbu za mzee wa kawaida zitaongeza nini? Zitaongeza kile ambacho vitabu hivyo, kwa asili yake, havikuweza kukibeba.

Serikali ya kikoloni iliitaja ardhi iliyobishaniwa kwa namba: shamba namba 31 na shamba namba 328. Mdai naye, akitaka kueleweka, hulazimika kuzitumia namba hizo. Lakini hakuna mtoto aliyezaliwa katika namba 328. Alizaliwa penye mti fulani, karibu na kijito fulani, nyuma ya nyumba ya mtu fulani mwenye mbwa mkali. Majina hayo madogo ndiyo ardhi yenyewe kama ilivyokaa ndani ya watu. Yakipotea, mashamba yatarudi kuwa namba, na aliyeyaandika kwa namba atakuwa ameshinda mara ya pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi mmoja aliyekuwa na miaka 9 wakati huo anaulizwa na mjukuu wake. Jibu lake la kwanza ni hili: "Wakoloni walikuja, wakachoma nyumba zetu, tukateseka sana." Ni kweli tupu, na haitufai kitu, kwa sababu tulikwisha kuijua. Mjukuu akiwa na subira atauliza: "Wewe, bibi, ulikuwa umeshika nini mkononi?" Bibi ananyamaza. Kisha anasema alikuwa ameshika kamba ya mbuzi, kwa kuwa mama yake alimwambia asiiachie mpaka arudi. Mama alikuwa amerudi ndani kuchukua chungu. Mbuzi aliuona moto, akavuta, na mtoto akaiachia kamba. Uso wa askari hata mmoja haukumbuki. Anachokikumbuka ni kwamba usiku ule alimwogopa mama yake kuliko alivyomwogopa askari yeyote, na kwamba mama hakumwuliza habari za mbuzi, si usiku ule wala siku nyingine yoyote.

Katika jibu la pili mna mtu. Mna pia jambo ambalo hakuna baraza lingelipokea kama hoja: hatia ya mtoto ambaye hakuwa na kosa. Dhuluma kubwa hufanya kazi yake hata huko, ndani ya nyumba, kati ya mama na bintiye, ikiwaachia wanyonge lawama isiyokuwa yao. Mdai hawezi kulisema hilo na mgeni hawezi kuambiwa. Mtunzi wa riwaya aweza kulibuni, kama nilivyolibuni mimi hapa, lakini hawezi kulishuhudia. Bibi peke yake ndiye anayeweza.

Pengine atatokea mtu wa kutuonya kwamba wazee husahau na kuchanganya. Ni kweli. Mtaalamu wa Italia, Alessandro Portelli, alichunguza habari za kijana mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Terni, Luigi Trastulli, aliyeuawa mwaka 1949. Aligundua kwamba wazee wengi wa mji huo waliamini kijana huyo alikufa mwaka 1953, wakati wafanyakazi wengi walipoachishwa kazi. Portelli hakuwacheka. Alitambua kwamba kosa lao lina maana: walikihamisha kifo hicho hadi mahali ambapo, mioyoni mwao, kilistahili kuwa. Vivyo hivyo mzee wa Meru akichanganya mambo ya Wajerumani na ya Waingereza, mwandishi asiyasahihishe kimyakimya, wala asiyatupe. Na ayaandike kama yalivyosemwa, kisha aonyeshe kando tarehe iliyo sahihi, halafu ajiulize ni kwa nini dhuluma mbili zimekuwa moja katika kumbukumbu ya mtu huyu.

Jirani wa Tengeru

Iko sababu nyingine ya kuharakisha, nayo haiko mbali. Kutoka Tengeru hadi Engare Nanyuki ni mwendo wa kuuzunguka mlima tu. Huko Tengeru, kuanzia mwaka 1942, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa makwao na vita, wakapitia Urusi na Uajemi hadi wakafika chini ya Meru. Makaburi ya waliofia hapo yanatunzwa mpaka leo. Watoto wa kambi hiyo walipokua, wakiwa wametawanyika katika nchi nyingi, waliandika. Waliandika juu ya shule yao, nyumba zao za duara, ugonjwa wa malaria, na mlima uliowatazama kila asubuhi.

Hatuwaonei wivu, kwani nao walikuwa watoto waliofukuzwa kwao. Lakini na tulitazame jambo lenyewe kwa unyofu. Katika muda wa miaka michache, mlima mmoja uliwaona watoto wa aina mbili waliong'olewa nyumbani. Wa kwanza wameyaweka mengi kwenye kurasa, na wajukuu wao huja Tengeru wakiwa na vitabu mikononi. Wa pili wameyaacha zaidi midomoni. Tofauti hii haikuletwa na ukubwa wa mateso, wala na uhodari wa kukumbuka. Ililetwa na kuwapo kwa shule, kalamu na jamii iliyowaambia watoto wake, "Yenu yanastahili kuandikwa." Hilo la mwisho halihitaji fedha. Ni jambo ambalo mwalimu wa sekondari anaweza kulisema Jumatatu asubuhi.

Sauti za Wanawake

Waliosimama mbele ya mataifa mwaka 1952 walikuwa wanaume wawili. Kwa desturi za wakati ule haikuwa ajabu. Lakini nyumba zilizochomwa zilikuwa na mafiga ndani yake, na aliyeyajua mafiga hayo hakwenda New York. Ni nani aliyejua maji ya King'ori yako umbali gani? Ni nani aliyejua maziwa yalipungua kiasi gani ng'ombe walipokosa malisho, na loshoro ikapikwaje bila ya maziwa ya kutosha? Hayo si mambo madogo. Ndiyo kipimo halisi cha kuhamishwa.

Mfano mzuri wa kuigwa unatoka Mombasa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza wanawake watatu, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, wakayatoa masimulizi yao katika kitabu cha Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991. Ndani yake harusi, ngoma, utumwa wa kale na maisha ya mitaani vimesemwa na wanawake wenyewe. Kitabu hicho kinathibitisha kwamba si lazima mzee ajue kuandika ili awe mwenye kitabu. Kinachotakiwa ni msikilizaji mwaminifu, na kitabu kurudishwa katika lugha ya aliyesimulia. Meru nayo inastahili kazi ya namna hiyo.

Kazi ya Mwalimu na Mwanafunzi

Kutokana na haya yote, yako mambo manne ambayo ningependa yazingatiwe madarasani.

Kwanza, mwanafunzi asimwulize mzee maswali ya kitabu cha historia. "Ukoloni ulikuwaje?" ni swali la mtihani, na mzee atalijibu kama mtahiniwa. Na amwulize habari za vitu: chungu, kamba, mlango, chakula cha siku ile. Kitu huivuta kumbukumbu kama kamba inavyomvuta mbuzi.

Pili, mawaidha yangoje. Mzee ana haki ya kutoa nasaha, lakini mwandishi asiziweke mahali pa tukio. Tukio likisimuliwa vema, msomaji atalipata funzo mwenyewe, na funzo alilolipata mwenyewe halimtoki.

Tatu, ushujaa usigawiwe bure. Katika kila mkasa wa kuhamishwa, popote duniani, wapo waliokataa, wapo waliosita na wapo waliopata faida. Masimulizi ambamo kila mtu alikuwa shujaa ni masimulizi yasiyokuwa na watu. Lakini hapa pana heshima ya kuchungwa. Walio hai wana majirani, na migogoro ya ardhi haijesha katika familia nyingi. Mzee akisema, "Hili lisiandikwe," lisiandikwe. Uaminifu kwa msomaji hautimizwi kwa kumsaliti msimuliaji.

Nne, lugha ya mzee ihifadhiwe. Kiswahili chake kitakuwa na maneno ya Kimeru, na mengine hayana badala yake. Na yaachwe mahali pake, yaelezwe kwa maneno mepesi. Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa kwa kupokea, na utamaduni wa taifa, ambao tangu mwaka 1962 ulipewa wizara yake, haukukusudiwa uwe kifuniko cha kuzifunika tamaduni za makabila, bali chungu cha kuzipika pamoja.

Hitimisho

Tulianza na methali, tukakataa kuipokea nusu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini kuona mengi si kusimulia vema, na kusimulia vema hakumtegemei mzee peke yake. Tippu Tip alionyesha kwamba hesabu kamili yaweza kukosa moyo. Shaaban Robert alionyesha kwamba moyo wa karani unatosha kuwa kitabu. Vitabu vitatu vya Meru vimeonyesha jinsi mkasa mmoja unavyobadilika kadiri anayeusema alivyosimama: mbele ya baraza, sebuleni kwa wenyeji, au mezani kwa mtunzi. Mahali pamoja pamebaki bila mtu wa kutosha kusimama, napo ni pale penye mlango wa nyumba iliyokuwa ikiungua.

Aliyekuwa na miaka 10 siku ile alizaliwa mwaka 1941. Leo amekwisha kupita miaka 80. Yupo Poli, yupo Akeri, yupo King'ori, yupo Engare Nanyuki. Anaota jua asubuhi nje ya nyumba, na wajukuu wanampita wakienda shule, wakimwamkia, naye akiitikia. Wanakwenda kusoma habari za kesi ya ardhi ya Meru, kwa kuwa zimo katika somo. Jioni watarudi kwa njia hiyo hiyo, na mzee atakuwa bado ameketi.